Fremu 60: kisa cha uso uliowekwa pasipo pake

Kuhusu kisa hiki

Filamu inayozungumziwa hapa ni ya dakika 12, na niliihariri mwenyewe, hapa Lamu. Wahusika wamekubali kisa kisimuliwe kwa sharti kwamba majina yao, kijiji na mwaka visitajwe. Mfadhili naye simtaji. Sina kesi naye, maana kosa kubwa lilifanyika mezani kwangu, usiku, nikiwa nimevaa spika za masikioni na hakuna aliyenishika mkono. Nakiandika kwa ajili ya vijana wanaojifunza kuhariri kwa simu na kompyuta za mkononi, ambao huniuliza sana kuhusu programu na mara chache kuhusu mahali pa kukata.

Usuli

Mzee nitakayemwita Fundi ni mjenzi wa vyombo. Amejenga mashua na madau tangu ujana wake. Lamu bado ina mafundi wa aina yake, na kijiji cha Matondoni ndiko kunakotajwa zaidi, lakini wateja wamepungua tangu boti za faiba zienee. Faiba haitaki kalafati, yaani pamba ya kuzibia nyufa, haitaki kupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, hailiwi na wadudu. Mwanawe mkubwa, ambaye nitamwita Kijana ingawa ana watoto 3, ni nahodha wa boti ya abiria kati ya mji na Mokowe, upande wa bara. Naam, boti ya faiba. Mfadhili alipolisikia hilo macho yalimng'aa.

Agizo lake lilikuwa fupi: filamu kuhusu urithi unaopotea. Neno "unaopotea" lilikuwa ndani ya barua kabla kamera haijatolewa mfukoni.

Jambo ambalo barua haikulijua, na filamu ya kwanza haikulisema, ni kwamba karibu nusu ya mbao za mashua iliyokuwa ikijengwa wakati ule zilinunuliwa kwa nauli za boti hiyo ya faiba.

Picha tulizorudi nazo

Tulirekodi siku 4, tukarudi na saa 9 za picha mbichi. Nyingi zilikuwa nzuri: keekee, kifaa cha kutobolea mbao, ikizunguka ubaoni, vumbi la mbao kwenye jua, mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, ukilazwa. Kisa chote, hata hivyo, kimo ndani ya klipu 2.

Ya kwanza ni ya siku ya tatu, alasiri. Fundi ameketi juu ya gogo, tezo, kishoka chake cha kuchongea, mkononi. Maji nyuma yake yamekupwa, mikoko imesimama mizizi nje. Anasema: "Tezo hii, siku nikiondoka, itatundikwa ukutani." Ananyamaza kama sekunde 3, anatazama tezo, kisha: "Ukutani mwa hoteli! Wazungu waipige picha, nami huko niliko sipati hata kamisheni." Anacheka mpaka anakohoa. Kicheko cha mpiga picha wetu nacho kimenaswa na maiki.

Ya pili ni ya siku ya kwanza, asubuhi, maji yamejaa. Mpiga picha anamwambia Kijana, "Simama hapo kidogo nipime mwanga." Kijana anasimama kando ya mataruma, mbavu za mashua. Anatazama kulia, jua linampiga, anainamisha macho, anageuza uso. Basi. Hakuulizwa swali, na babake hakuwapo. Alikuwa nyumbani akinywa chai.

Nilichoamua, na kwa nini

Nilikata maneno ya Fundi baada ya "ukutani". Sababu niliyojipa ni kwamba kicheko kinavunja huzuni niliyokuwa nimeijenga kwa dakika 9. Kweli kilikuwa kinaivunja. Fundi ndivyo alivyo, huzuni haikai naye dakika 9. Lakini filamu ilitakiwa Ijumaa na barua ilisema "unaopotea".

Baada ya kukata, sentensi ilibaki ikining'inia. Maneno mazito yanataka mahali pa kutua, na mahali rahisi kuliko pote ni uso wa mtu mwingine. Nikapekua klipu mpaka nikampata Kijana akiinamisha macho. Nikachukua fremu 60, yaani picha moja moja zinazounda mwendo. Kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde 2.4.

Kisha nikashona. Fundi alikuwa akimtazama aliyemhoji, upande wa kushoto wa fremu; Kijana alikuwa akitazama kulia. Mmoja akitazama kushoto na mwingine kulia, mtazamaji huwaweka uso kwa uso bila kuambiwa. Mlio wa tezo ya msaidizi aliyekuwa akichonga nyuma ya Fundi niliupitisha chini ya shoti zote mbili, vile vipande viwili vya picha, bila kuukata. Mwanga wa asubuhi niliupaka rangi ya alasiri. Juu yake nikaweka muziki wa udi, polepole.

Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo bila kejeli: mshono haukuonekana.

Usiku wa maonyesho

Tulitundika shuka uani, tukawasha projekta baada ya Isha. Walikuja watu kama 70, wanaume mbele, wanawake upande wa barazani. Kijana alikuja na mkewe.

Zile sekunde 2.4 zilipofika, upande wa wanawake ulisonya. Sikulitarajia hilo, maana nilidhani watanyamaza. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, wala hakunong'ona, "Huyu hana radhi." Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Mtu anaweza kuambiwa mvivu, mlevi, mdeni, akaishi. Akiambiwa hana radhi ya babake, ameguswa hadi akhera. Nilipogeuka, nafasi ya Kijana ilikuwa tupu.

Watu walipopungua nikawa nakunja nyaya. Nahodha mmoja mstaafu akanijia, fimbo mkononi.

"Mwanangu, filamu yako nzuri. Lakini pale kwa baba maji yamekupwa, na pale kwa mwana maji yamejaa. Hao walitazamana saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Rangi niliibadilisha, bahari niliisahau. Kutoka kujaa hadi kupwa, maji huchukua kama saa 6. Kwangu mimi yalikupwa na kujaa tena ndani ya kukata kumoja.

Hapo ndipo ningekaa nikafikiri. Badala yake nilicheka na yule mzee, nikaenda kulala, na asubuhi nikaituma filamu kwa mfadhili kama ilivyo.

Fundi alipokuja

Siku 3 baadaye nikasikia hodi. Kahawa aliikubali, kiti alikikataa. Akaomba aonyeshwe "pale pa mwanangu". Akapaangalia mara 2, amesimama.

"Maneno ni yangu," akasema kwa Kiamu chake, ambamo mato ni macho. "Mato ni ya mwanangu. Lakini hatukuwa tukisemezana."

Nikaanza kueleza kwamba kila picha ni ya kweli, hakuna tulichoigiza. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, adabu ya watu wa umri wake.

"Na kicheko changu umekipeka wapi?"

Kisha akanieleza yaliyokuwa yakiendelea. Mtu fulani alikuwa ameirekodi shuka kwa simu usiku ule, sekunde 40 tu, na klipu ilikuwa imeingia makundi ya WhatsApp. Abiria walikuwa wakimtania Kijana botini: "Nahodha, tezo ya baba ushaitundika?" Siku mbili za mwanzo alijibu kwa mzaha. Siku ya tatu alimwachia mwenzake usukani, akabaki nyumbani.

Nikamwomba Fundi radhi. Akasema yeye ameshasamehe, twende kwa mwenye uso. Tulikwenda. Kijana aliniambia jambo moja tu ambalo nalikumbuka neno kwa neno: "Bwana, mimi nilikuwa nimesimamishwa kama mti."

Matoleo ya pili, ya tatu na ya nne

Toleo la pili lilikuwa la mtu mvivu. Niliacha shoti palepale nikaandika chini yake: "Mwanawe humsaidia kununua mbao." Nikalionyesha kwenye baraza moja kwa watu 7 ambao hawakuwapo usiku wa kwanza. Watatu hawakuyasoma maandishi kabisa, walikuwa wakimwangalia Kijana. Mmoja aliyesoma alidhani ni kejeli: "Humsaidia kununua mbao, kumbe hataki kushika tezo." Uso ulikuwa umeshazungumza, maandishi yakawa yanabishana nao kutoka chini.

Toleo la tatu nilimwondoa Kijana kabisa. Baada ya "ukutani" nikaweka mkono wa Fundi juu ya mpini. Likawa safi, likawa pia la uongo kwa namna nyingine. Fundi alipoliona alikunja uso: "Sasa sina mwana?"

Ndipo nikarudi kwenye saa 9 zote, kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Siku ya pili ya kurekodi, kamera ilikuwa imeachwa ikiendelea wakati mpiga picha anabadilisha maiki. Kwenye dakika 3 zile, fremu imekaa upande, Kijana anahesabu mbao zilizoletwa. Anapiga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anautupa kando. Fundi, ambaye hata hatazami, anasema kutoka mbali, "Huo wa pili pia." Kijana anaupiga wa pili. Anautupa.

Sijawahi kupata picha nzuri kuliko hiyo ya mtoto aliyefundishwa na babake.

Kwenye toleo la nne niliiweka hiyo kabla ya maneno ya tezo, sekunde 11 bila muziki. Kisha nikatanguliza sauti: mtazamaji bado anamwona Kijana na mbao, lakini anaanza kumsikia Fundi, "Tezo hii..." Picha inahamia kwa Fundi kwenye neno "nikiondoka". Anamaliza, ananyamaza zile sekunde 3 zake zote, anasema la hoteli, anacheka, anakohoa. Sikukata popote. Fremu 60 za kupima mwanga zilitoka. Filamu ikafika dakika 14.

Matokeo

Tuliionyesha uani palepale, baada ya Fundi na Kijana kuiona kwanza nyumbani kwao na kuikubali. Watu walikuwa wachache, labda 40. Walicheka kwenye hoteli. Kwenye ubao wa pili kulikuwa na mguno wa watu wazima, mguno wa "huyo anajua". Halafu kicheko kilipokwisha pakawa na kimya ambacho filamu ya kwanza, na udi wake wote, haikukipata. Nadhani watu walikuwa wamemaliza kucheka ndipo wakasikia kilichosemwa.

Kwa mfadhili hali haikuwa hivyo. Alisema toleo la kwanza lilikuwa likigusa zaidi. Lilikuwa limekwisha kuonyeshwa kwenye hafla moja nje ya nchi. Nilimwambia nikibakishiwa lile, jina langu litoke. Baada ya wiki 2 za barua alikubali toleo la nne, akalalamikia urefu.

Klipu ya sekunde 40 haikurudishwa na haitarudi. Kijana alirejea botini baada ya siku chache. Juzi nilivuka naye kwenda Mokowe. Alinisalimu vizuri, akanitoza nauli kamili.

Uchambuzi

Waliosoma mambo ya filamu watakuwa wameshamkumbuka Lev Kuleshov, mwalimu wa filamu wa Urusi wa enzi za kuanzia mwisho wa miaka ya 1910. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uliotulia tu, akauunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na picha ya tatu ambayo masimulizi yanatofautiana kuihusu. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, kisha huzuni, na uso ulikuwa uleule. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu, alipenda kulieleza jambo hili kwa sura yake mwenyewe: mzee anatazama, kisha anatabasamu. Katikati ukiweka mama na mtoto, mzee mwema. Ukiweka mwanamke wa bikini, mzee mchafu.

Nililijua hilo tangu nianze kazi. Nilikuwa hata nimewafundisha wengine. Kisichosemwa darasani ni kwamba uso wa Mosjoukine ulikuwa wa mwigizaji, na hakuna aliyemzomea sokoni kwa sababu ya supu. Uso wa Kijana una mke, una abiria, una baba.

Watu 70 wanaoishi kwa maji ya bahari walionyeshwa maji yamekupwa na yamejaa kwa wakati mmoja, na ni mmoja aliyesema. Siamini kwamba wengine hawakuona. Kuleshov aliwahi pia kuunganisha Moscow na ikulu ya Marekani ya Washington, watu wakatembea kutoka moja hadi nyingine kana kwamba ni mtaa mmoja. Macho yakishakutana na sauti ikiwa haijakatika, mtazamaji husamehe mahali na husamehe saa. Kati ya nyuzi nilizoshonea, naamini uliofunga zaidi ulikuwa mlio wa tezo. Nilijaribu baadaye, kwa udadisi, kulikata toleo la kwanza vilevile lakini kila shoti na sauti yake ya asili: kwa Fundi tezo, kwa Kijana mawimbi na punda mmoja kwa mbali. Mke wangu, ambaye hakuwa ameona lolote, aliuliza, "Huyu ni nani, na yuko wapi?" Hakuuliza kwa nini ana aibu. Kwa hiyo anayetaka kukagua kazi yake kama inasema uongo, azime picha asikilize: kama sauti moja inapita juu ya siku 2 tofauti, hapo pana jambo.

Urefu nao ulisaidia uongo. Sekunde 2.4 zinatosha kuona macho yakiinama, hazitoshi kuona kwamba jua ndilo linaloyainamisha. Kwenye klipu nzima, sekunde moja mbele, Kijana anaweka kiganja juu ya paji la uso. Ningeongeza fremu 25 tu, aibu yote ingekuwa jua.

Nilijitetea wakati ule kwa Walter Murch, mhariri Mmarekani, ambaye anapendekeza kila kukata kupimwe kwa mambo 6 na anaipa hisia 51%, hadithi 23%, mdundo 10%, kisha mambo ya jicho na nafasi yanagawana kilichobaki. Uendelevu wa mahali, ambao ndio nahodha wangu aliukamata, una 4%. Kwa hesabu hiyo shoti yangu ilikuwa na alama za juu sana. Sioni kosa kwenye hesabu. Kosa langu ni kuuliza kama watu watahisi, bila kuuliza hisia hiyo inatoka kwenye mfuko wa nani. Kwenye hadithi ya kubuni swali hilo halina mwenyewe. Hapa lilikuwa na mwenyewe, na nilikuwa na namba yake ya simu.

Karatasi za idhini zilikuwapo, zimetiwa sahihi. Ziliruhusu kutumia "sura na sauti". Hazikusema sura itakaa karibu na sauti ya nani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazungumzia taarifa za uongo na pia taarifa za kupotosha, ingawa inaacha nafasi kwa uandishi wa habari na sanaa. Neno "kupotosha" ndilo lililonihusu. Hakuna fremu hata moja ya uongo kwenye filamu ile. Tangu hapo, kabla ya onyesho lolote, mhusika anaitazama filamu nzima nyumbani kwake. Inachelewesha kazi kwa siku 2 au 3, na mara moja imenigharimu mkataba.

Kuna yaliyofaa hata kwenye toleo la kwanza. Dakika 4 za mwanzo, keekee na tezo bila neno la mtu, hazikuguswa hadi mwisho. Watoto waliokuwa wakikimbizana uani walikaa chini zilipoanza, usiku wa kwanza na wa pili. Muziki sikuutaka tena baada ya hapo. Toleo la nne lina udhaifu wake: katikati linalegea, na anayelitazama bila kujua Kiswahili hukosa utani wa kamisheni, maana tafsiri ya chini hufika kabla Fundi hajamaliza kunyamaza. Nimejaribu kuichelewesha kwa fremu 10, kisha 18. Bado inamwahi.

Fremu 60 sikuzifuta. Ziko kwenye folda ya kazi ile, na faili nimelibadilisha jina. Zamani liliitwa "kijana_huzuni". Sasa linaitwa "kijana_anapimwa_mwanga_asubuhi_maji_yamejaa".